Bahati Nje ya Chungu

Ilipofika saa kumi na moja jioni Wahabu alishusha mlango wa bati wa duka lake la spea, pale Kasese nyuma ya stendi ya teksi, lakini aliushusha nusu tu, ili wanafunzi waingie kwa kuinama. Viti vilikuwa matairi. Aliyewahi alikalia tairi la Fuso, aliyechelewa alikalia la pikipiki, na mwalimu alisimama kipindi kizima kwa sababu suruali yake nzuri ilikuwa moja na grisi haitoki. Joto la Kasese lilikuwa limeingia dukani tangu asubuhi, likakaa, na halikuonyesha dalili ya kwenda kwao.

Mwalimu aliitwa Tefiro. Kwao kulikuwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, lakini ujana wake ulikwisha bandarini Malabo akipakua meli, kule ambako Waafrika husemezana Kihispania na kugombana kwacho bila kuona ajabu yoyote. Alirudi na suruali ile na kitabu cha kujifunzia. Kitabu kilikuwa kimebaki na sura moja. Nyingine zote, mama mwenye nyumba wa Malabo alikuwa amewashia jiko, na hakuna wa kumlaumu, mtu lazima ale. Sura iliyopona ilikuwa ya maneno ya bahati. Kwa hiyo, mwaka uliofuata yale mafuriko ya Kilembe, Kasese ilikuwa na darasa la Kihispania ambamo hakuna aliyeweza kuomba maji ya kunywa, wala kutaja jina lake, ila kila mmoja aliweza kueleza, kwa maneno tofauti tofauti, kwamba mambo yamemnyookea na hajui kwa nini.

Wahabu alisoma kwa sababu ya mpira. Kila wikiendi aliangalia ligi ya Hispania kwenye kibanda cha video, na alitaka kujua mtangazaji analia nini. Mwanafunzi mwingine alikuwa Kabugho, binti wa Maate wa Nyakalengija, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mjini ili asikose somo. Kabugho hakuja kwa ajili ya mpira. Yeye alikuwa na shida.

Nyakalengija ndipo wageni wanapoanzia kupanda Rwenzori, na kazi ya kuwapandisha hugawanywa kwa chungu. Kila nyumba ina jiwe lake, limeokotwa mto Mubuku na kuchorwa alama ya nyumba hiyo. Msimu ukifika, mawe yote hutiwa ndani ya chungu, na mwenyekiti wa kamati, mzee Ezironi, hufungwa macho kwa kitambaa cha mke wake, akaingiza mkono. Jiwe la kwanza kutoka ni la kiongozi mkuu wa safari. Yanayofuata ni ya wasaidizi na wapagazi. Na nyumba ambayo jiwe lake halikutoka kwa misimu mitatu mfululizo, jiwe hilo huondolewa chunguni, na watu wa nyumba hiyo hawapandi tena na wageni, wala watoto wao, wala wajukuu. Wanabaki kuutazama mlima kama watu wa mbali, wa Mbarara.

Jiwe la Maate lilikuwa limelala chunguni misimu miwili. Alikuwa kiongozi hodari zamani, sasa magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake, lakini nyumba ni nyumba, na Kabugho alikuwa na miguu mizima. Msimu huu walikuwa wanakuja Wahispania. Kabugho aliposikia, alifikiri kamati itamtafuta mtu anayejua lugha ya wageni. Akaenda kwa Ezironi kumwambia kwamba anasoma. Ezironi alimsifu sana, akasema elimu ni kitu kizuri, halafu akamwambia alete jiwe kama wengine wote. Chungu hakijui Kihispania.

"Lakini wewe si uko unajifunza bahati?" akasema. "Basi. Jiwe ikuje na bahati yako."

Kabugho alirudi Kasese akilitafakari neno hilo, na akaona kwamba mzee hakukosea.

Neno la kwanza lilikuwa *suerte*. Tefiro aliliandika kwa chaki kwenye tairi. Alieleza kwamba hii ni ile bahati inayomkalia mtu, hata akilala inalala naye. Walilirudia mpaka ndimi zikakaa sawa, na Wahabu alipolitamka vizuri, kivuli kiliingia dukani. Kilikuwa kivuli cha ukubwa wa sinia, bila kitu chochote cha kukitoa. Kilizunguka chini ya bati, kikachagua kichwa cha Wahabu, kikatua. Wahabu alisema ni baridi kidogo, kama kuweka kitambaa cha maji. Kesho yake aliuza matairi ya nyuma ya trekta yaliyokuwa yamemlalia tangu aoe.

Watu wa stendi walimwona akipita juani na kivuli chake kichwani, wakamsalimia. Mmoja alimuuliza alikinunua wapi. Kwa joto la Kasese lilikuwa swali la maana.

Neno la pili, *casualidad*, liliwasumbua zaidi. Tefiro alisema hii si bahati hasa. Ni pale watu wanapokutana na hakuna aliyepanga. Kabugho akauliza kama ni nzuri au mbaya. Tefiro akasema si nzuri si mbaya, ni kukutana tu. Wahabu akasema kitu kisicho kizuri wala kibaya hakifai kupewa neno. Wakalitamka hivyo hivyo kwa shingo upande, na mtu akainama akaingia chini ya mlango. Alikuwa Siraj, msafirishaji wa samaki wa Hamukungu, anatafuta valvu ya pikipiki. Siraj na Wahabu walikuwa hawajasemezana tangu walipogombana juu ya gari walilolinunua pamoja, kila mmoja akikataa nusu ya nyuma. Walitazamana. Siraj akatoa salamu, Wahabu akaitikia, akampa tairi akalie.

Neno la tatu, jioni ile ile, lilikuwa *azar*. Tefiro alisema hii haina macho. Haimpendi mtu, haimchukii mtu, inachanganya tu. Walipolitamka hawakuona kitu, wakadhani wamekosea matamshi. Wakati wa kutoka ndipo walipokuta kwamba viatu walivyokuwa wameviacha mlangoni vimehamia miguu mingine. Wahabu alikuwa amevaa sandali za Kabugho, Kabugho alikuwa na buti za samaki za Siraj, na Tefiro, aliyesimama muda wote na viatu vyake miguuni, alikuwa na viatu vya Wahabu. Kila mtu alikwenda nyumbani hivyo hivyo.

La nne, siku Siraj alipokuja kufuata buti zake, lilikuwa *chiripa*, nalo ni jambo zuri linalomwangukia mtu kwa kukosea, kama mchezaji anayepiga krosi ikaingia golini. Wahabu alilielewa papo hapo, hata akataja mechi. Alipolisema, ngege alianguka kutoka kwenye bati, mbichi, mkia bado unapiga. Bati halikuwa na tundu. Siraj alimgeuza samaki, akamtazama mashavu, akasema huyu ni wake, wa tenga lililo nje kwenye pikipiki.

Kuanzia siku hiyo Siraj hakukosa somo. Alisema hapendi Kihispania hata kidogo, amekuja kulinda mali.

Hapo ndipo machafuko yalipoanza. Maneno yalikuwa yametosha, lakini hakuna aliyejua lipi ni la jambo lipi. Wahabu alipookota ufunguo uliopotea, alitamka *suerte*, na hakuna kilichotokea. Siraj akasema hiyo ni *chiripa*. Kabugho akasema hapana, ni *casualidad*, wewe na ufunguo mmekutana. Walibishana mpaka adhana ya magharibi, na ufunguo ukapotea tena. Shangazi yake Kabugho alisema zamani walikuwa na neno moja la bahati, na mambo yalikwenda, ila sasa mtu hawezi hata kupata kwa amani bila kuulizwa amepata kwa njia gani.

Kabugho ndiye aliyechanganyikiwa kuliko wote, maana yeye peke yake alikuwa na jambo la kufanya na maneno yale. Alilichukua jiwe la nyumba yao, akaliweka juu ya meza ya saluni ya shangazi, akaliambia *suerte* polepole. Kivuli kilikuja, kikalikalia. Lilikuwa jiwe la kijivu lenye mistari miwili myekundu, alama ya Maate, na juu yake sasa kulikuwa na kivuli kidogo kama kawa la kufunikia chakula. Hata usiku kivuli hakikuondoka. Wateja waliokuja kusuka nywele waliomba walishike kidogo kabla ya kwenda kwenye mambo yao, na aliyekuwa na kesi ya shamba alishinda.

Hata hivyo hakuwa na uhakika. Chungu kilihitaji neno gani? Jiwe likitoka, ni kwa sababu limekaliwa na bahati, au kwa sababu mkono umechanganya bila macho, au mkono na jiwe vimekutana tu? Akaona asikisie. Siku ya soko akapanda teksi mpaka Bwera kumuuliza mwalimu mwenyewe.

Siku za soko Tefiro huuza viatu vya mtumba kwenye njia inayokwenda mpakani, katikati ya Wakongo wenye mafuta ya mawese na vitenge. Alikuwa amekalia gunia, akimvisha mama mmoja kiatu ambacho wote wawili walijua hakimtoshi. Kabugho akangoja mpaka mama akakubali kwamba kitalegea. Kisha akaeleza kuhusu chungu, na kitambaa, na mkono wa Ezironi.

Tefiro akayahesabu maneno kwa vidole. Alisema huenda ni *azar*, kwa kuwa macho yamefungwa. Halafu akasema huenda ni *suerte*, kwa kuwa jiwe ni la mtu. Halafu akasema kule Malabo hawakuwa na chungu, kwa hiyo hajui.

"Ni jiwe la nani lilitokaka ya kwanza mwaka jana?" akauliza.

Kabugho akasema la Tonny, mpwa wa mwenyekiti.

"Na mwaka ule mwingine?"

La Tonny.

"Na mbele ya ule?"

Kabugho akasema Tonny ana bahati sana, watu wote wanamwambia hivyo.

Tefiro aliokota kiatu, akakipiga vumbi kwa kingine. "Bon. Sikia, binti. Neno iko sawa na mugeni," akasema. "Akikuta mulango wazi, anaingia. Akikuta banafunga, anaikala inje. Hapitake mu ukuta. Weye sema maneno yote ine. Yenye itaingia mu chungu, ile ndiyo yenyewe."

"Na kama hakuna itaingia?"

Tefiro akasema hilo halijawahi kutokea darasani, na akamgeukia mteja mwingine.

Siku ya chungu, watu wote wa Nyakalengija walisimama kwenye uwanja mbele ya geti la mlima, wameacha duara katikati, na ndani ya duara chungu, na nyuma ya chungu kamati ya watu wazima waliovaa buti za mvua ingawa hakukuwa na mvua. Maate alikuwa amekaa kwenye kigogo, magoti yake yamenyooshwa mbele kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvichunga. Nyumba baada ya nyumba walikwenda kutia mawe. Kabugho alipoingia kwenye duara akiwa na jiwe lao, kila mtu aliona lina kivuli. Mzee mmoja akaguna na kusema kwamba mwaka huu Maate amejiandaa.

Alipoliinamisha mdomoni mwa chungu, kivuli kilisita. Kilikwenda mpaka ukingoni, kikazunguka ukingo mara moja, kama mtu anayeangalia kama kuna nafasi benchini. Halafu kikatoka kwenye duara taratibu, kikamkalia kuku aliyekuwa akipekua karibu na geti. Jiwe likaingia chunguni peke yake.

Kabugho aliganda pale. Ezironi akamwambia asicheleweshe watu.

Ndipo alipoyasema mengine. Aliinama juu ya chungu akasema *azar*, wazi kabisa, kama darasani. Mawe hayakutikisika. Lakini nje ya duara watu walianza kutazama miguu yao: mama mchungaji alikuwa na kandambili za wapagazi, wapagazi walikuwa na viatu vya ibada, na Maate pale kwenye kigogo alikuwa na soksi za mtu. Ndani ya duara kamati ilibaki na buti zake zile zile, kila mtu na zake.

Akasema *chiripa*. Samaki aliangukia upande wa pili wa geti, kwenye majani.

Akasema *casualidad*. Pikipiki ilisikika ikipanda kutoka barabarani, na Siraj akatokea, tenga nyuma. Alikuwa akipeleka samaki Ibanda, akakosea njia panda. Alimwona samaki kwenye majani, akamwona Kabugho, akatikisa kichwa. Askari wa geti alimwambia asiingie kwenye duara, Siraj akasema hana hata nia.

Basi bahati zote zikawa zimefika, na zote zimekaa nje. Kuku na kivuli chake, viatu vilivyopotea, samaki, na Siraj. Watu walivitazama, kisha wakakitazama chungu. Samaki akapiga mkia.

Kabugho akamgeukia mwenyekiti. Alisema hakuelewa. Amekiita kila kitu anachokijua na hakuna kilichoingia. Sasa ndani ya chungu muko nini?

"Mawe," akasema Ezironi.

"Na bahati?"

"Nani alikuambia muko bahati? Mimi nilisema mlete mawe."

Akafungwa kitambaa, akaingiza mkono. Mkono ulitembea ndani ya chungu bila haraka, ukipapasa, ukiacha hili na lile, kama mama anayechagua nyanya. Ukasimama. Ukatoka na jiwe jeupe la Tonny. Mwanakamati aliyelipokea alilipokea kwa ncha za vidole, akalipitisha haraka kwa mwenzake. Mwenzake akalipitisha. Likafika mpaka kwa watu, na kila aliyelishika alisema hilo hilo: lilikuwa baridi. Lilikuwa na maji ya umande pande zote, baridi ya soda. Nyakalengija kuna friji moja, nayo iko kwenye duka la Ezironi.

Jiwe likapita mikono yote. Maate alilishika, akaliweka kwenye goti moja, halafu kwenye goti la pili, akasema linasaidia, akalirudisha.

"Ni baridi," Kabugho akamwambia mwenyekiti.

"Ni baridi," Ezironi akakubali, akifungua kitambaa. "Jiwe ni yake. Mtu anaweka jiwe yake mahali anapenda. Nyinyi nani aliwakataza kuweka yenu kwa friji?"

Watu wakalifikiria swali hilo. Walikuwa wamechanganyikiwa kweli, kwa sababu halikuwa na kosa ndani yake ambalo mtu angeweza kulishika na kulionyesha. Mmoja akasema hana friji. Mwingine akasema hana hata umeme. Ezironi akasema hayo ni mambo ya serikali. Akaingiza tena mkono, mawe mengine yakatoka, la Maate halikutoka. Mwishoni chungu kilimwagwa, jiwe la mistari miwili likaokotwa kutoka kwenye yaliyobaki, likatiwa mkononi mwa Kabugho. Ilikuwa imekwisha. Kuku alikuwa amelala, kivuli juu yake, na mwenye kuku hakumchinja tena maisha yake yote.

Nyumba iliyoondolewa jiwe hupika siku hiyo hiyo, na kamati huja kula, ili ionekane kwamba hakuna kinyongo. Ndiyo desturi, na kinyongo hakijawahi kuonekana. Kabugho alisonga bundu la unga wa muhogo, akapika sombe ya majani ya muhogo, na Siraj, baada ya kutafakari, akamtoa yule samaki, akisema ameshaanguka juu ya ardhi ya watu. Kamati ilikaa kwenye uwanja wa Maate jua likiwa bado juu ya mlima, wakanawa, wakala. Ezironi alisifu samaki. Alimuuliza Maate hali ya magoti, akamshauri mafuta fulani ya Kongo yanayouzwa Bwera, na alishauri kwa moyo, kwa kuwa walikua pamoja.

Tonny hakula sana. Alikuwa kijana mpole mwenye shingo ndefu, aliyemaliza sekondari, na tangu asubuhi alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa jina lake si hilo. Alimfuata Kabugho nyuma ya jikoni, alikokuwa akisugua sufuria.

"Dada Kabugho," akasema, "mimi kila mwaka watu wananishika mkono, wananiambia niko na bahati. Sasa ni ipi? Ni hii ya kivuli ama ya samaki?"

Kabugho alimtazama akitafuta kejeli, hakuiona. Akasema hajui, inabidi wajaribu.

Akasema *suerte*. Kivuli kilikuja kutoka upande wa migomba, kikakalia kinu. Tonny akasogea akasimama karibu na kinu, kivuli kikahamia kwenye rundo la kuni. Akasogea kwenye kuni. Kivuli kikarudi kwenye kinu. Akaacha.

Akasema *azar*. Walitazama miguu ya Tonny pamoja. Buti zilikuwa zake.

Akasema *casualidad*, wakangoja, wakitazama njia. Hakuna aliyekuja. *Chiripa* Kabugho hakulisema, kwa sababu Siraj, aliyekuwa kwenye ukuta wa jikoni akifunga tenga, alimwomba kwa heshima asiliseme.

Tonny alikaa juu ya kuni. Alisema mama yake alimwambia tangu utotoni kwamba alizaliwa na kitu. Alisema hata shule, alipopata nafasi ambayo wenye alama nzuri zaidi waliikosa, mwalimu mkuu alimwambia hivyo hivyo, bahati yako, kijana. Alikuwa ameishi nayo vizuri.

"Sasa kumbe sina bahati?"

"Hauna," Kabugho akasema. "Uko na mjomba."

Tonny alilifikiria hilo. Hakulichukua kama tusi, kwa sababu halikuwa tusi. Kupitia upenyo wa ua alimwona mjomba mwenyewe, akitoa mwiba kwenye jino, mzima, mwenye afya. Alimtazama kwa muda kama anayekagua daraja kabla ya kulivuka. Kisha akamshukuru Kabugho, *wasingya*, akanyanyuka, akapangusa vumbi la kuni. Aliuliza kama bundu limebaki, maana sasa njaa ilikuwa imerudi. Lilikuwa limebaki.

Kabla ya kuondoka alikwenda kwa Maate kumuuliza njia ya juu, baada ya kambi ya pili, huko kwenye matope. Miaka yote aliyokuwa kiongozi mkuu, wapagazi ndio waliomtangulia hapo, na baadhi yao mwaka huu mawe yao hayakutoka. Maate akamweleza mahali pa kukanyaga. Alimweleza mara mbili, kwa sababu watu wanaweza kuzama.

Asubuhi Wahispania walifika na magari mawili, wekundu kwa jua la Kasese, wakicheka. Walimpenda Tonny mara moja, kama kila mtu. Mama mmoja mwenye kofia akamuuliza kwa Kiingereza, huku wakifunga mizigo, hapa mtu anachaguliwaje kuwa kiongozi. Tonny akajibu kwa Kiingereza chake safi kwamba wanapiga kura, mawe ndani ya chungu, macho yamefungwa, kila nyumba sawa. Mama akawafasiria wenzake. Walifurahi sana, wakasema huo ndio utaratibu wa haki, laiti kwao pia kazi zingegawanywa hivyo. Mmoja akaomba kukipiga picha chungu. Ezironi alikitoa, akakifuta kwa mkono, akasimama pembeni yake.

Kabugho alikuwa amefika getini wakati huo kufuata sufuria yake, ambayo kamati ilikuwa imeondoka nayo na samaki aliyebaki. Alipewa, imeoshwa vizuri. Safari ikaanza kupanda, Tonny mbele, na njia pale ni nyembamba. Kabugho akajibanza kwenye ua na sufuria yake, akawapisha.